Wito kwa Wanavijiji wa Dodoma: Tuchague Mtandao kwa Shauri Moja

  Ninaandika kwenu, ndugu zangu wa Ugogo, Warangi wa Kondoa, Wasandawe wa Chemba na kila aliyeijia nchi hii kavu akaifanya makao yake, kuomba jambo moja tu: kwamba vijiji vyetu viache kutafuta intaneti mtu mmoja mmoja, kila mwenye nyumba kwa mfuko wake na kwa bahati yake, na badala yake tukae pamoja, tulinganishe njia zilizopo kwa hesabu na kwa kipimo, kisha tuchague na kudai kwa sauti ya kijiji kizima.

Katika kijiji kimoja cha upande wa Chamwino, nyuma ya nyumba za walimu, pana mkwaju mkubwa ambao shina lake limepigiliwa mkebe wa maziwa ya unga, juu kidogo ya kimo cha mtu mzima, mdomo wake ukitazama magharibi. Simu huwekwa ndani ya mkebe huo, ikawashwa ili igawe mtandao, na mwenye haja huketi chini ya mti na kompyuta yake mapajani; simu ikiteleza kiasi cha vidole viwili tu, mtandao hukata. Nilipofika pale jioni moja nilimkuta binti aliyemaliza kidato cha sita akijaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu, ambayo siku hizi hupelekwa kwa njia ya mtandao, na vyeti vyake amevibana kwa jiwe visipeperushwe na upepo. “Shikamoo, mzee,” alisema bila kuinua macho, “naomba usisimame hapo, ndiyo kwanza imeanza kupanda.” Picha ya cheti chake cha kuzaliwa ilikuwa ikipanda kwa mara ya nne, na mara tatu za kwanza ilikwama karibu na mwisho, kila mara ikila kifurushi chake. Niliitikia marahaba kwa sauti ya chini, nikasogea kando. Haikufika usiku ule. Alirudi kabla ya alfajiri, wakati watu wengi wamelala na mnara una nafasi, ndipo ikapita.

Niliondoka pale na huzuni iliyochanganyika na hesabu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika mkoa wetu watu 3,085,625, na kati yao 765,179 tu ndio wa Jiji la Dodoma. Maana yake ni kwamba takriban watatu katika kila wanne wetu ni wa Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Chemba, Kondoa na Chamwino, nao ndio walimao mtama, alizeti na mahindi ambayo dalali wa soko la Kibaigwa anajua bei yake ya leo katika miji mitano, ilhali mwenye gunia anajua bei ya juzi aliyoambiwa na dereva wa lori. Si insafu mtu akose soko, shule na daktari kwa sababu ya bonde lililomkinga na mnara.

Basi na tuzitazame njia zenyewe. Iliyo karibu na kila mtu ni kifurushi cha simu, nacho ni chema kwa mwenye haja ndogo, kwani hakidai waya wala fundi. Walakini hesabu yake hubadilika pale nyumba nzima inapokitegemea. Mwaka 2022 Serikali ilieleza kwamba bei ya MB moja ya data ilikuwa kati ya shilingi 2.03 na shilingi 9.35; kwa kipimo hicho GB moja ilikuwa kama shilingi 2,080 kwa bei ya chini na kama shilingi 9,570 kwa bei ya juu. Mtoto akitazama somo la video saa moja kila siku, kwa picha ya wastani, aghalabu atamaliza GB 15 kwa mwezi: gharama yake kwa bei hizo ni shilingi 31,000 na ushei ikiwa baba yake ananunua kwa busara, na zaidi ya shilingi 143,000 ikiwa ananunua vifurushi vidogo vidogo vya bei ya juu kabisa, kama wanunuavyo wengi wetu kwa kuwa fedha huja kidogo kidogo. Maskini hulipa zaidi kwa kitu kile kile, kama anunuavyo mafuta ya kupikia kwa kipimo cha kijiko.

Ruta ya laini ya simu ni ndugu wa njia hiyo, nayo huifaa nyumba yenye watu wengi, lakini haina uwezo wa kuzaa mtandao usiokuwapo. Jirani yangu mmoja aliuza mbuzi wawili akanunua ruta mjini baada ya kuhakikishiwa dukani kwamba “inashika popote”. Alipofika nyumbani iliwaka taa zote vizuri, ila mnara wa karibu ulikuwa wa kizazi cha zamani, unaobeba sauti na ujumbe mfupi na data kwa mwendo wa kobe. Laiti angaliuliza kwanza mnara ule ni wa namna gani, uko umbali gani, na kampuni ipi nyingine inafika pale, mbuzi wake wangalikuwa bado zizini. Maswali hayo matatu hayana gharama, na hakuna aliyemfundisha kuyauliza.

Faiba haina mpinzani kwa kasi na kwa uthabiti. Mkongo wa Taifa, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009, umefika Dodoma, na TTCL huunganisha nyumba pale ulipo mtandao wake. Lakini nyaya hufuata barabara kuu na miji, na kwa nyumba zetu zilizotawanyika, kila moja na mashamba yake, kuufikisha uzi huo mlango kwa mlango ni muhali kwa sasa. Tusiudharau, hata hivyo, maana uzi ukifika katika shule moja ya kata, palipobaki panaweza kuvukwa kwa antena.

Ama setilaiti, ndiyo inayosisimua vijana. Zile za zamani zimekaa kilomita 35,786 juu yetu, na kwa sababu ya umbali huo neno hukawia kiasi cha nusu nukta kwenda na kurudi. Hizi mpya, kama za Starlink, zinazunguka kwenye kimo cha kilomita mia chache tu, na ukawiaji huo karibu haupo. Kenya wamezipokea tangu Julai 2023, na Rwanda, Msumbiji, Malawi na Zambia zote zilizipokea mwaka huo huo. Ninaifurahia njia hii, kwani haijali bonde wala mlima; lakini ninawasihi watu wawili watatu wenye fedha wasikimbilie kuvusha vyombo kwa magendo, bali waulize kwanza Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ni kampuni gani yenye leseni na ni chombo gani kilichoidhinishwa, maana chombo kisicho na leseni kinaweza kuzimwa huku fedha zimekwisha kutoka. Tena tukumbuke umeme: sahani ya namna ile hula wati 50 hadi 100 muda wote inapowaka, ilhali ruta ndogo huridhika na wati 10 hivi, na penye sola ya taa tatu na redio tofauti hiyo ndiyo kila kitu.

Nimeiacha hadi mwisho kwa makusudi njia ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa imejaribiwa hapa hapa kwetu. Wilayani Kondoa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma, akiwamo Dkt. Jabhera Matogoro, wakishirikiana na tawi la Tanzania la Jumuiya ya Intaneti duniani, waliasisi Mtandao wa Jamii wa Kondoa, wakipata ruhusa ya TCRA kujaribu masafa ya televisheni yasiyotumiwa. Siri yake ni sahili. Masafa hayo yana mawimbi marefu kuliko ya Wi-Fi ya kawaida, na wimbi refu hupenya majani na kupinda kwenye vilima ambapo fupi hufa. Na katika nchi kama yetu, ambako vituo vya televisheni ni vichache, nafasi tupu katika masafa hayo ni tele kuliko mijini. Laini moja yenye nguvu hufikishwa mahali pamoja, kisha antena huirusha hadi shuleni na katika majengo mengine ya umma. Huko Mankosi, Afrika Kusini, wanavijiji walitangulia mbele zaidi: waliunda ushirika wao wenyewe, Zenzeleni, wakasimika antena zinazokula umeme wa jua na kuuza huduma kwa wenzao, na fedha ikabaki kijijini.

Wao wana nini tusichokuwa nacho sisi? Kisima hatukuchimba kila mtu uani kwake. Lambo la mifugo hatukulichimba kwa mfuko wa mtu mmoja. Walakini tusijidanganye pia, maana tumeona pampu ngapi zikilala na kutu kwa kuwa kamati ilikusanya fedha za kununua na haikukusanya za kutengeneza? Mtandao wa kijiji utakufa kifo hicho hicho ikiwa hakuna akiba ya betri itakayochoka, ya antena itakayopigwa na radi mwezi wa Desemba, na ya posho ya kijana mmoja wa kijijini aliyefundishwa kazi, kwani fundi wa mjini hawezi kuja kila wiki. Mhasibu achaguliwe na wote, hesabu zibandikwe ukutani, na leseni iombwe TCRA kabla ya kukusanya hata shilingi moja ya mtumiaji.

Serikali nayo ina wajibu wake, na tumwombe mwenye wajibu badala ya kumnung’unikia. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, uliotokana na sheria ya mwaka 2006, upo ili kutoa ruzuku mahali ambapo mfanyabiashara haoni faida. Tarehe 13 Mei 2023, hapa hapa Dodoma, ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 za nchi. Kata iliyoandika, ikaonyesha idadi ya wakazi, shule na zahanati zake na mahali mtandao unapokatika, ina hoja ambayo kata iliyokaa kimya haina.

Kwa hiyo ninaomba hivi. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi ni mjumbe wake kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, uweke habari ya mtandao katika ajenda zake. Kabla ya siku hiyo vijana wanne wapewe simu zenye laini za kampuni mbalimbali, wazunguke vitongoji vyote kwa wiki moja, alfajiri, adhuhuri na saa mbili usiku, wakiandika katika daftari moja kasi ya kushuka na ya kupanda, maana ni saa mbili usiku, watu wote wakiwa mtandaoni, ndipo ukweli unapojulikana. Daftari hilo lisomwe mkutanoni kwa sauti. Wajumbe wakiona kampuni moja inafika vyema, wajadiliane nayo bei kama wanunuzi mia tatu badala ya mmoja mmoja. Wakiona hakuna inayofika, barua iende UCSAF na nakala yake TCRA, kwa Mkuu wa Wilaya na kwa diwani, ikibeba vipimo vile vile. Na wakiona shule yao iko karibu na Mkongo, wawaalike wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma waje kuwaeleza kilichofanyika Kondoa.

Ndugu msomaji, uliza leo kwa mtendaji wa kijiji chako mkutano ujao ni tarehe ngapi, na siku hiyo uje na daftari mkononi.