PIKIPIKI IKIGOMA USIKU



Usiku mmoja wa masika hapa Mkokotoni nilibishiwa hodi. Mtoto wa jirani alikuwa ameshikwa na degedege kwa homa kali. Baba yake alikuwa dago. Pikipiki ilikuwepo nyumbani, na mjomba wa mtoto alikuwa amepiga kiki mpaka jasho likamtoka, lakini haikuwaka. Hospitali ya Kivunge si mbali kwa chombo. Kwa miguu, usiku, na mtoto mgonjwa mikononi, ni mbali sana.

Nilichukua tochi nikamulika chini ya tangi. Koki ya petroli ilikuwa imefungwa! Tuliifungua, tukangoja kidogo, na kiki ya pili ikawaka. Mtoto alitibiwa akapona, na leo anakwenda skuli.

Sisi wauguzi tukipokea mgonjwa mahututi tuna utaratibu: kwanza pumzi, kisha mapigo ya moyo. Pikipiki nayo ina utaratibu wake. Inataka petroli, cheche na hewa. Vikague vyote vitatu kabla ya kumwita fundi.

Petroli. Fungua tangi, tikisa, sikiliza. Usimulike kwa kibatari wala kiberiti, kwani mvuke wa petroli hushika moto mara moja. Koki iwe wazi; mafuta yakiwa machache, igeuze upande wa akiba. Ikiwa pikipiki huwaka kisha huzima njiani, legeza kifuniko cha tangi. Huenda tundu lake la hewa limeziba na petroli haishuki.

Cheche. Hakikisha ufunguo umewashwa, swichi nyekundu ya kuzimia injini haikufungwa, na gia iko huru. Baada ya mvua, injini ikiwa imezimwa, vuta kofia ya plagi, ifute kwa kitambaa kikavu na uirudishe mpaka ikae sawasawa.

Hewa. Ukisikia harufu kali ya petroli, injini imejaa mafuta. Ondoa choki, zungusha mshiko wa mafuta mpaka mwisho, kisha piga kiki mara kadhaa. Kichujio cha hewa kikijaa vumbi, pikipiki hukosa nguvu na kutoa moshi mweusi.

Baadhi ya pikipiki za siku hizi hazina koki wala choki. Hizo zikishindwa baada ya kukagua mafuta, swichi na betri, mwachie fundi.

Naomba pia mkumbuke mambo mawili. Petroli isinyonywe kwa mdomo kwa mpira, maana ikiingia mapafuni yaweza kuua. Mtoto akiinywa, usimtapishe, mkimbize hospitali. Wala usiwashe pikipiki ndani ya nyumba iliyofungwa, kwani moshi wake una sumu isiyo na harufu.

Jioni hii, baba watoto akirudi, mwombe akuonyeshe koki na swichi vilipo, nawe uwashe mwenyewe mara moja. Ni kazi ya dakika tano. Usingoje kujifunza usiku wa homa.