Ukaguzi wa Nishati wa Kujitolea Vyuoni: Uniti Zinazopotea Pasipo Mlipaji Kuziona

Na Mwandishi Wetu

KUKAMILIKA kwa Mradi wa Kufua Umeme wa Julius Nyerere katika Mto Rufiji, wenye mitambo tisa na uwezo wa kuzalisha Megawati 2,115, kumebadilisha mjadala wa umeme nchini. Mwishoni mwa mwaka 2023 wananchi walikuwa wakifuatilia ratiba za mgao. Tangu mtambo wa kwanza ulipoanza kuzalisha Februari 2024, swali la iwapo umeme upo limeanza kulipisha swali jingine: umeme uliopo unatumikaje, na ni nani anayefuatilia matumizi hayo?

Swali hilo lina uzito wa pekee katika taasisi za elimu ya juu. Kupitia Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi (HEET), unaotekelezwa kwa mkopo wa Dola za Marekani milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, vyuo vikuu vya umma vinajengewa madarasa, maabara na ofisi mpya. Kila jengo jipya huja na taa, viyoyozi, kompyuta na majokofu yake, na ankara ya vifaa hivyo hulipwa kwa miaka mingi baada ya sherehe za uzinduzi kumalizika.

Nyumbani, mwananchi hufundishwa na mita ya LUKU. Uniti zikikaribia kwisha, familia nzima huzima taa bila kuhimizwa. Katika chumba cha pamoja cha wanafunzi wa uzamivu, maktaba ndogo ya idara au ofisi wanayotumia wahadhiri sita kwa zamu, mwalimu huyo hayupo. Anayewasha haoni ankara, na anayelipa ankara, ambaye mara nyingi ni ofisi ya fedha iliyo jengo jingine, haoni kilichowashwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na umeme wa chumba cha pamoja ni mfano halisi wa mali ya namna hiyo.

Hapo ndipo ukaguzi wa nishati unaofanywa kwa kujitolea na watumiaji wenyewe unapopata nafasi yake. Huu ni ukaguzi wa awali, unaotegemea kutembea chumbani, kuhesabu vifaa, kusoma mita na kuuliza maswali. Hauchukui nafasi ya ukaguzi wa mhandisi mwenye sifa, wala haumpi mtu yeyote ruhusa ya kufungua kisanduku cha swichi kuu au kugusa nyaya. Kazi yake ni kumwonesha mwenye mamlaka mahali pa kuanzia.

Hatua ya kwanza ni kuorodhesha vifaa vyote vinavyotumia umeme, wati zake na saa ambazo huwaka kwa siku. Hapa wengi hujikwaa kwa kutazama wati na kusahau saa. Birika la umeme la wati 2,000 ndilo hulaumiwa kwanza kwa sababu lina nguvu kubwa na hupiga kelele. Likiwashwa kwa jumla ya dakika 15 kwa siku, hutumia nusu uniti tu. Kwa upande mwingine, tuchukue kompyuta kumi za mezani zilizoachwa wazi usiku, kila moja pamoja na kioo chake ikitumia takriban wati 50. Kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 asubuhi ni saa 14, na matumizi yake hufikia uniti saba kila usiku. Kompyuta hizo zilizokaa kimya hutumia mara 14 ya birika linalolalamikiwa.

Kwa siku 22 za kazi katika mwezi, usiku pekee unakuwa umetumia uniti 154. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti inayotozwa wateja wa kundi la T1, kabla ya kodi na tozo, hiyo ni takriban shilingi 45,000 kwa mwezi kwa chumba kimoja, bila kuhesabu Jumamosi na Jumapili. Taa nazo zina hesabu yake. Taa 20 za mirija za wati 36 zikibadilishwa kwa taa za LED za wati 18, na zikiwaka saa kumi kwa siku, hupunguza takriban uniti 79 kwa mwezi. Tofauti ni kwamba taa zinahitaji fedha za kununulia, ilhali kuzima kompyuta kunahitaji makubaliano tu.

Hatua ya pili ni kupima. Endapo chumba au jengo lina mita yake, usomaji wenye manufaa zaidi ni wa mara mbili kwa siku: jioni mtu wa mwisho anapoondoka na asubuhi kabla ya mtu wa kwanza kuingia. Tofauti ya namba hizo ni matumizi ya chumba kisicho na mtu. Usomaji huo ufanyike kwa wiki nzima ikiwemo mwisho wa juma, na urudiwe wakati wa likizo, kwa kuwa wiki ya masomo na wiki ya likizo hazifanani.

Pasipokuwa na mita, kibandiko kilicho nyuma ya kifaa hutoa makadirio, lakini kisomwe kwa tahadhari. Namba iliyoandikwa hapo mara nyingi ni kiwango cha juu ambacho kifaa kinaweza kutumia. Jokofu huwaka na kuzima lenyewe, na kiyoyozi hupunguza kazi chumba kinapopoa. Anayezidisha namba ya kibandiko kwa saa 24 atapata matumizi makubwa kuliko yaliyopo, na ripoti yake itakataliwa na fundi wa kwanza atakayeisoma. Kipima umeme cha kuchomeka kwenye soketi, kikizungushwa kifaa kimoja baada ya kingine, husahihisha kasoro hiyo kwa vifaa vidogo.

Hatua ya tatu ni kuzungumza na watu. Askari wa zamu ya usiku na wahudumu wa usafi wanaofika alfajiri wanafahamu ni dirisha lipi huwa na mwanga hadi asubuhi na ni kiyoyozi kipi huunguruma chumba kikiwa tupu. Mtafiti naye anaweza kuwa na sababu ya msingi: kompyuta yake inafanya hesabu zinazochukua siku tatu, au jokofu la maabara limehifadhi sampuli zisizoweza kurudishwa zikiharibika. Vifaa vya aina hiyo viwekewe alama ya kutozimwa. Ukaguzi unaoharibu utafiti wa mtu mmoja utapoteza imani ya chumba kizima.

Kwa sababu hiyo, ripoti itaje vifaa na saa, isitaje majina ya watu. Lengo ni kubadili utaratibu wa chumba, na utaratibu haubadiliki pale watu wanapoona wanatafutiwa makosa.

Lipo pia jambo ambalo wajitoleaji wengi hawalifahamu. Taasisi kubwa si lazima itozwe kama nyumba ya kawaida. Mteja ambaye wastani wa matumizi yake unazidi uniti 7,500 kwa mwezi huingia katika makundi ya wateja wakubwa, ambako bei ya uniti ni ndogo lakini huongezwa malipo ya kilele cha mahitaji yaliyofikiwa katika mwezi husika. Kwa chuo cha namna hiyo, asubuhi moja ambapo viyoyozi vyote vimewashwa kwa pamoja inaweza kupandisha ankara ya mwezi mzima. Hivyo wakaguzi waulize mapema chuo kiko kundi gani. Jibu hilo ndilo litakaloonesha kama kipaumbele ni kuzima usiku, kupunguza kilele cha mchana, au yote mawili.

Kisera, mwelekeo upo. Sera ya Taifa ya Nishati ya mwaka 2015 inatambua matumizi bora ya nishati kuwa sehemu ya maendeleo ya sekta. Nchi jirani ya Kenya ilikwenda hatua zaidi kupitia kanuni za mwaka 2012, zinazozitaka taasisi zinazotumia kuanzia uniti 180,000 kwa mwaka kufanya ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka mitatu. Kanuni za aina hiyo hushughulikia taasisi kwa ujumla wake. Chumba kimoja cha pamoja hubaki mikononi mwa wanaokitumia, na ndiyo maana kujitolea kuna thamani.

Hata hivyo, kujitolea kuna mipaka. Wanafunzi wanaweza kugundua kwamba kichujio cha kiyoyozi kimejaa vumbi, kwamba kimewekwa nyuzi joto 16 wakati 24 zingetosha, au kwamba madirisha ya magharibi hayana mapazia. Hawawezi kusafisha mtambo, kubadilisha taa wala kununua mapazia bila idhini. Chuo kikipokea ripoti na kuiweka kabatini, mwaka unaofuata hakuna atakayejitokeza. Jambo la pili ni mahali inapokwenda akiba. Idara inayopunguza matumizi yake kisha isione hata sehemu ndogo ya fedha hizo ikirudi kununua vitabu au vifaa vya maabara haina sababu ya kuendelea. Menejimenti za vyuo zina uwezo wa kutatua mambo yote mawili kwa kuteua afisa wa kupokea ripoti, kuweka muda wa kuijibu, na kukubaliana na idara juu ya mgawanyo wa akiba itakayothibitishwa na mita.

Muda nao ni muhimu. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, na maandalizi ya bajeti hufanyika miezi kadhaa kabla ya tarehe hiyo. Ripoti ya kurasa mbili inayofika kwa mkuu wa idara na ofisi ya milki wakati makadirio yakiandaliwa inaweza kuingiza taa na mapazia katika mpango wa manunuzi. Ikifika Agosti, maombi hayo yana uwezekano mkubwa wa kusubiri mwaka mwingine, wakati hatua zisizohitaji fedha, yaani kuzima kompyuta, kupandisha nyuzi za viyoyozi na kubandika alama kwenye vifaa visivyopaswa kuzimwa, zinaweza kuanza jioni ileile ambayo watumiaji wa chumba watakubaliana.