Mafuta Yaliyokwisha Kazi

Neno "mafuta" halibagui. Twalitumia jikoni, taani na hata injinini. Wakikuyu wana "maguta" na Wazulu "amafutha", ithibati kwamba ni neno la kale la Kibantu, lililotangulia injini zote. Niliyakumbuka haya nilipozuru Kizingitini, kisiwani Pate, nikamwona mama muuza samaki wa kukaanga akimwaga mafuta meusi mchangani. Nilipomwuliza sababu, alinijibu, "Mwalimu, haya yamekwisha kazi."

Simlaumu, ila sikubaliani naye. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi humdhuru mlaji, na yakimwagwa huchafua ardhi na bahari, ambayo ndiyo shamba la mvuvi. Lakini yakichujwa, yakaondolewa maji, kisha yakachanganywa na methanoli na kostiki soda kwa vipimo sahihi, gliserini hutuama chini na dizeli ya mimea huelea juu. Lita 100 za mafuta na takriban lita 20 za methanoli huweza kutoa karibu lita 100 za dizeli hiyo. Wala wazo lenyewe si geni: katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga.

Wageni wameitambua thamani hii. Mwaka 2022 kampuni ya Eni ya Italia ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu huko Makueni, na mafuta yake yakasafirishwa hadi Gela, Sicily, kugeuzwa nishati. Kampuni hiyo pia ilianzisha mpango wa kukusanya mafuta yaliyotumika katika hoteli za Nairobi. Je, mafuta ya hoteli za Amu na Shela nayo yangoje meli ya Ulaya, ilhali mvuvi wa Pate hununua dizeli iliyovushwa kutoka bara?

Hata hivyo, tusidanganyane. Mashine za petroli zinazofungwa nyuma ya mashua haziwezi kutumia dizeli hii. Itazifaa injini za dizeli tu, na aghalabu huchanganywa na dizeli ya kawaida. Methanoli ni sumu na kostiki soda huunguza, kwa hiyo kazi hii yahitaji fundi aliyefunzwa, si majaribio ya wanafunzi nyumbani. Tena vikaango vya Kizingitini pekee havitoshi. Lazima mafuta ya Amu na Shela yaongezwe.

Ndiyo maana nawaelekea walimu kwanza. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wanafunzi waweza kupita kwa wakaangaji kila juma, waandike ni lita ngapi humwagwa na injini ngapi za dizeli ziko bandarini. Daftari hilo likiwa mkononi, vikundi vya wavuvi na serikali ya kaunti watajua kama mtambo mdogo utalipa. Ukilipa, mafuta yanunuliwe kwa bei ya haki, ili mkaangaji apate sababu ya kuacha kuyarudia yakiwa meusi.

Mama yule alisema kweli kuhusu kikaango chake. Kuhusu injini, hakuna aliyewahi kumweleza, na hilo ni deni letu sisi tunaojiita wasomi.