Kupunguza Uzani: Miguu Itembee, Kinywa Nacho Kipumzike

Ukiamka alfajiri ukapita Shelly Beach kule Likoni, au ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta upande wa Bamburi, hutakosa kuwaona watu wakifanya mazoezi. Kina mama waliojifunga leso viunoni hutembea wawili wawili, vijana hukimbia mchangani na wazee hunyoosha viungo kabla jua halijawa kali. Wapo hata wanaokimbia wamevaa makoti mazito katika joto letu hili la pwani, wakiamini kwamba jasho linalowachuruzika ndiyo mafuta yanayoyeyuka mwilini.

Juhudi hizo ni za kupongezwa. Hata hivyo, wengi wa watu hawa hupanda mizani baada ya miezi miwili wakakuta sindano ingali palepale. Hapo ndipo moyo huvunjika. Viatu vya raba hutupwa chini ya kitanda, na mtu akajituliza kwa kusema, "Kwetu sote ni wanene, ndivyo tulivyoumbwa." Kumbe kosa haliko katika maumbile yake wala katika miguu yake. Liko katika hesabu ambayo hakuna aliyemwonyesha. Leo tuifanye hesabu hiyo pamoja.

Jambo hili si la urembo peke yake. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya watu wazima walikuwa na uzani uliozidi kiasi au unene wa kupindukia. Miongoni mwa wanawake pekee idadi hiyo ilifika asilimia 38.5. Unene huu, hasa ule unaokaa tumboni, huongeza hatari ya ugonjwa wa sukari, presha na maradhi ya moyo, na huyachosha magoti kabla ya wakati wake. Maradhi hayo hayamgusi mgonjwa peke yake. Mzazi akianza kununua dawa za kila siku, pesa hizo hutoka katika karo, kodi ya nyumba na chakula cha watoto.

Basi tuanze na kalori. Kalori ni kipimo cha nguvu ambazo mwili hupata kutokana na chakula na kuzitumia katika kupumua, kutembea, kufikiri na kufanya kazi. Ni ile inayoandikwa kcal kwenye vifurushi vya vyakula madukani. Gramu moja ya wanga au sukari hutoa kalori 4, gramu moja ya protini vilevile 4, lakini gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9. Mwili ni kama kibubu kisicho na ufa, kwa maana nguvu zote zinazobaki bila kutumiwa huwekwa akiba, na akiba yenyewe ni mafuta. Kilo moja ya mafuta hayo ina takriban kalori 7,700.

Sasa tuchukue mfano wa mama mwenye kilo 80 anayeishi Mtongwe. Kila asubuhi anatembea kwa saa moja, mwendo wa kilomita tano hivi. Katika saa hiyo mwili wake hutumia kama kalori 280. Lakini hata kama angekaa kitako akipiga gumzo, angetumia kama 80. Kwa hiyo faida halisi ya matembezi yale ni takriban kalori 200.

Akirudi nyumbani ana njaa, tena anajiona amestahili. Anakula mahamri mawili na kunywa kikombe cha chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari. Hamri moja, kulingana na ukubwa wake na mafuta liliyonywa, huwa na kalori 150 au hata 200 na zaidi. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina kalori 16. Bila hata kuhesabu maziwa wala mbaazi za nazi, mama huyu amekwisha kula kama kalori 350. Kama mahamri hayo ni nyongeza iliyotokana na matembezi, basi saa nzima ya jasho imefutwa kwa dakika kumi, na salio limeingia kibubuni.

Pengine utasema kwamba dawa yake ni kutembea saa tatu badala ya moja. Kuna jirani zetu ambao hutembea hivyo kila siku, nao wametufundisha jambo. Hao ni Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, ambao bado wako miongoni mwao wanaopata chakula kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Mwaka 2012, Herman Pontzer wa Marekani na wenzake walichapisha utafiti ambao ulipima nguvu zinazotumiwa kwa siku na watu wazima 30 wa jamii hiyo. Bila shaka walitarajia kukuta kwamba watu hawa hutumia kalori nyingi kuliko watu wa mijini Ulaya na Marekani. Lakini ukubwa wa miili ulipozingatiwa, tofauti haikuonekana.

Yaani mwili una ujanja wake. Ukiutumikisha sana kwa kutembea, hubana matumizi mahali pengine. Watafiti hao wakahitimisha kwamba unene unaoenea mijini unatokana zaidi na wingi wa chakula kuliko uchache wa mwendo. Wahadzabe ni wembamba, lakini karibu nao hakuna anayepita na beseni la kaimati wala kibanda cha soda baridi.

Je, hii ina maana kwamba mazoezi ni kazi bure? La hasha! Mazoezi huimarisha moyo, hushusha presha, huusaidia mwili kutumia sukari vizuri, huleta usingizi na kuondoa mawazo, hata pale mizani isipotikisika. Tena yana kazi ambayo chakula hakiiwezi. Huko Marekani, watafiti walianzisha mwaka 1994 daftari la watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kudumu hivyo kwa mwaka mmoja au zaidi. Wengi wao hufanya mazoezi kwa karibu saa moja kila siku. Hivyo basi, kinywa ndicho kinachoshusha uzani, na miguu ndiyo inayouzuia usirudi. Vyote viwili vinahitajiana.

Ushahidi mwingine ni wa mwaka 2002, pia kutoka Marekani. Watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupatwa na ugonjwa wa sukari waligawanywa katika makundi. Kundi moja lilifundishwa kula kwa kiasi na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki, kwa shabaha ya kupunguza asilimia 7 ya uzani. Hatari ya kupatwa na ugonjwa huo ilipungua kwa asilimia 58, wakawashinda hata waliopewa vidonge. Kwa mama wetu wa kilo 80, asilimia 7 haifiki kilo sita. Si lazima arudie umbo la siku ya harusi yake ndipo apate nafuu.

Turudi basi Mtongwe tumpangie hesabu mpya. Matembezi yake aendelee nayo siku tano kwa wiki. Hizo ni kalori 1,000. Chai yake ya vikombe vitatu kwa siku ainywe bila sukari. Hapo ameokoa kama kalori 1,000 nyingine kwa wiki. Soda ya chupa ndogo aliyozoea kila mchana, yenye takriban kalori 120, aibadilishe kwa maji. Ameokoa 840. Kisha katika sehemu yake ya chakula apunguze kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kwa siku, ambacho pia kina kalori 120. Ni 840 tena. Jumla ni karibu kalori 3,700 kwa wiki, yaani karibu nusu kilo ya mafuta. Hakushinda na njaa wala hakununua chakula cha pekee. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chenyewe huweza kupunguzwa haba na haba.

Usitarajie, lakini, kwamba uzani utashuka kwa mwendo huo daima. Mwili uliopungua huhitaji kalori chache kuliko zamani, na mwili, kama tulivyoona, hubana matumizi. Kwa hiyo kasi itapungua. Hapo usikate tamaa, bali tazama upya sahani yako.

Na sahani ndiyo penye kazi kwetu sisi watu wa pwani. Kwanza kuna sinia. Kula pamoja ni mapenzi na ni heshima, lakini mlaji wa sinia hajui amekula kiasi gani, na mwenyeji hachoki kukwambia, "Ongeza, mwanangu, hujala kitu!" Jitengee sehemu yako mbele yako tangu mwanzo, uile polepole, na ikiisha unawe mikono. Ukila kwa sahani, nusu yake iwe mboga kama mchicha, kunde au kachumbari, robo iwe wali au sima, na robo iwe samaki, kuku au maharagwe.

Pili kuna nazi. Kikombe kimoja cha kasimele kinaweza kuwa na kalori zaidi ya 400. Huna haja ya kuacha mchuzi wa nazi. Pika kwa tui la pili lililo jepesi, na kasimele uiweke kwa ajili ya siku ya sikukuu. Tatu kuna karai. Muhogo wa kuchemsha au wa kuchoma ukigeuzwa kuwa chipsi hunywa mafuta na kalori zake huongezeka maradufu. Vivyo hivyo kwa viazi karai na bajia.

Wengi hushangaa pia kwamba mwezi wa Ramadhani hupita wakiwa wameongezeka kilo badala ya kupungua. Saumu haina lawama hapo. Sambusa, kaimati zilizorovywa katika shira na majagi ya juisi ya sukari wakati wa kufuturu huweza kurudisha kalori zote za mchana na ziada. Tende, maji, uji na matunda vianze, na vya kukaanga viwe vya kuonja.

Kuhusu mazoezi, Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukuharakisha pumzi, pamoja na kazi ya kuimarisha misuli siku mbili. Hauhitaji kulipa ada ya ukumbi. Mkazi wa Kisauni anaweza kushukia Buxton na kuvuka daraja la Nyali kwa miguu hadi Kongowea wakati matatu zimekwama katika msongamano. Wa Likoni ashuke gari vituo viwili kabla ya kufika kwake. Wa Changamwe, Magongo au Chaani asiye na ufuo karibu apande ngazi za ghorofa, aruke kamba uani, au ainue mtungi wa maji wa lita tano, ambao ni kilo tano kamili. Tembeeni kwa makundi, jua likiwa chini, na mbebe maji. Lile koti zito livue. Humwaga maji tu, nayo hurudi kwa bilauri mbili, na joto lake linaweza kukuangusha.

Kuna watu ambao sharti waone daktari kwanza. Hao ni wenye ugonjwa wa sukari wanaotumia insulini au vidonge, kwani sukari yaweza kushuka ghafla, wagonjwa wa moyo na presha, na kina mama waja wazito au wanaonyonyesha. Nanyi wanafunzi, msiache kula ili mfanane na picha. Miili yenu ingali inajengwa. Zile chai za kuharisha zinazosifiwa kwamba hupunguza mwili hutoa maji, haziyagusi mafuta.

Lipo jambo moja la mwisho, nalo ni maneno ya watu. Kwetu mtu akinenepa huambiwa ameneemeka, na akipungua huulizwa kwa sauti ya chini kama anaumwa. Mama aliyeanza safari hii akikutana na maswali hayo mlangoni mwa jirani hurudia sinia upesi kuliko anaposhindwa na njaa. Wewe mume, dada au mwana uliye naye nyumbani, mtie moyo. Kunywa naye ile chai isiyo sukari na utembee naye jioni.

Na kama huna mizani, chukua uzi urefu wa kimo chako, ukunje mara mbili, ujizungushe tumboni usawa wa kitovu. Ncha zikikutana, uko pazuri. Zisipokutana, anza kesho, na upime tena baada ya mwezi mmoja.