Kifaru bila daraja ni mzigo: Somo la 1916 kwa barabara ya Ruaha Mbuyuni

Wasafiri wa barabara ya TANZAM wanaijua Ruaha Mbuyuni kwa vitunguu, mibuyu na joto lake kabla ya kuanza kupanda Kitonga. Kwa jicho la kijeshi, hapa kuna jambo jingine: mto, mlima, na barabara kuu moja tu. Gari zito likikwama, msafara mzima umesimama.

Somo hilo lilionekana tangu magari ya kwanza ya deraya yalipofika Afrika Mashariki.

Chuma kwenye tope

Mwaka 1914, jeshi la majini la Uingereza lilichukua magari ya kifahari ya Rolls-Royce, likayavisha mabamba ya chuma na kuyafunga bunduki ya rashasha. Kila moja lilifika karibu tani 4. Mwaka 1916 yalikuwa upande wa Kilimanjaro, yakipambana na jeshi la Mjerumani Paul von Lettow-Vorbeck.

Kwenye tambarare kavu yalifaa. Vichakani na wakati wa mvua ikawa shughuli: barabara mbovu, madaraja machache, petroli mbali. Farasi na ng'ombe nao walimalizwa na mbung'o.

Agosti mwaka huohuo, Iringa ilitekwa na kikosi cha Jenerali Edward Northey kilichotokea Nyasaland. Walikuja kwa miguu, mizigo ikiwa vichwani mwa wapagazi.

Wiki chache baadaye, Septemba 15, vifaru viliingia vitani kwa mara ya kwanza duniani, huko Ufaransa. Vilipangwa 49, kila kimoja karibu tani 28. Vingi viliharibika au kukwama mapema.

Nani alilipa gharama?

Pale gari liliposhindwa, mtu alibeba. Inakadiriwa wapagazi karibu 95,000 wa upande wa Waingereza walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa, siyo risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi hicho cha wapagazi.

Kutoka Kyaka hadi Ukraine

Mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalivunja daraja la Kyaka, Kagera. JWTZ ilikuwa na silaha nzito, lakini ilibidi kwanza itengeneze njia ya kuvuka mto.

Leo Ukraine, droni ya bei ndogo inaharibu kifaru cha mamilioni ya dola. Kikikwama barabarani, ndiyo rahisi zaidi kupigwa.

Kwa hiyo nguvu ya jeshi haihesabiwi kwa idadi ya deraya tu. Inahesabiwa pia kwa madaraja, mafundi na mafuta. Kwa Ruaha Mbuyuni faida ni mara mbili: daraja linalobeba kifaru ndilo linalopitisha lori la vitunguu kwenda Dar es Salaam na mizigo ya Zambia. Likipuuzwa, mkulima ataumia hata kabla vita haijafika.