Pikoboli Ipewe Kiswahili Kabla Haijawa Mali ya Klabu

Katika taaluma yetu tumezoea kuuzungumzia mchezo kwa namna mbili tu. Ama tunautaja katika kipera cha michezo ya watoto tunapofundisha fasihi simulizi, ama tunawaachia watangazaji wa kandanda. Mtu mzima anayecheza ili kujiburudisha, asiyelipwa wala kushangiliwa na yeyote, hana mahali katika maandishi yetu. Makala haya yanamhusu mtu huyo. Ninadai kwamba mchezo wa pikoboli, ambao umeanza kuonekana humu nchini, waweza kuwa burudani ya mtaa mzima au ukawa pambo la wachache wenye kadi za uanachama. Na kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna kauli katika jambo hilo kuliko tunavyodhani.

Kwa msomaji ambaye hajauona, pikoboli huchezwa na watu wawili au wanne katika uwanja mgumu wenye urefu wa mita 13.4 na upana wa mita 6.1, kipimo kile kile cha uwanja wa mpira wa vinyoya wanapocheza watu wanne. Wavu wake ni wa chini: sentimita 91 pembeni na 86 katikati. Badala ya raketi yenye nyuzi, mchezaji hushika kibao kigumu kilichozidi kidogo ukubwa wa kile cha mpira wa meza. Mpira wenyewe ni wa plastiki, mwepesi, wenye matundu. Matundu hayo si urembo. Hewa huushika mpira na kuupunguza kasi, na hapo bibi wa miaka sabini hupata nafasi ya kuufikia mpira uliopigwa na kijana wa miaka ishirini.

Mchezo huu ulizaliwa kiangazi cha 1965 katika kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington, Marekani. Joel Pritchard, mwanasiasa ambaye baadaye alichaguliwa kuwa mbunge katika bunge la taifa hilo, pamoja na rafiki yake Bill Bell, walirejea nyumbani wakawakuta jamaa zao wamekaa bure, wamechoshwa na likizo. Palikuwa na uwanja mkuukuu wa vinyoya lakini vifaa vyake havikutimia. Wakatwaa vibao vya mpira wa meza na mpira wa plastiki wenye matundu, wakaanza kupiga. Mwanzoni wavu ulikuwa juu kama ule wa vinyoya, kiasi cha sentimita 152. Walipoona kwamba mpira unadunda vyema juu ya lami, wakaushusha. Rafiki wa tatu, Barney McCallum, alijiunga nao muda mfupi baadaye na kwa pamoja wakatunga kanuni. Ama kwa hakika, pikoboli ni mchezo wa upungufu. Mtoto aliyekulia katika mitaa yetu, akasokota mpira kwa mifuko ya nailoni na kamba, hawezi kuuona kuwa mgeni kabisa.

Kuhusu jina, yapo masimulizi mawili. La kwanza ni la Joan Pritchard, mkewe Joel, aliyesema kwamba mchezo uliochanganya vipande vya michezo mingine ulimkumbusha mashua ya mashindano inayopigwa makasia na wanamaji waliobaki baada ya timu nyingine kuchaguliwa, ambayo kwa Kiingereza huitwa mashua ya achari. La pili linadai kuwa jina lilitokana na mbwa wa familia. Mbwa alikuwapo, ila inaelezwa kwamba alizaliwa baada ya mchezo kupata jina, hivyo yeye ndiye aliyeitwa kwa jina la mchezo. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hastaajabii jambo hilo, kwa maana simulizi yenye mbwa daima husafiri mbali kuliko simulizi yenye ushahidi. Mimi nalipenda la mashua, kwa sababu linasema kweli kuhusu watu wanaokutana uwanjani: ni mabaki ya timu nyingine.

Kwa miaka mingi mchezo ulibaki wa ujirani, kisha wa wastaafu. Baadaye, hasa baada ya janga la korona la mwaka 2020, ulienea kama moto wa nyikani. Chama cha wafanyabiashara wa vifaa vya michezo cha Marekani kilikadiria wachezaji milioni 4.8 mwaka 2021, na milioni 13.6 mwaka 2023. Tukumbuke kwamba anayehesabu ndiye anayeuza vibao. Hata tukipunguza, idadi inabaki kubwa. Mwaka 2022 jimbo la Washington liliufanya mchezo rasmi wa jimbo. Kilichowavuta watu wote hao ni nini? Majibu mengi niliyoyasoma huishia kwenye afya ya moyo na viungo. Sikatai. Hata hivyo, mtu akitaka afya ya moyo anaweza kukimbia peke yake alfajiri. Nguvu ya pikoboli imo katika taratibu zake za kuwapokea watu.

Tazama kanuni zenyewe. Mpira huanzishwa, kwa kawaida, kwa mkono unaotoka chini ya kiuno, kwa hivyo hakuna kombora la kummaliza mgeni kabla hajacheza. Anayepokea sharti auache udunde, na anayerudishiwa sharti auache udunde pia. Kila upande umehakikishiwa kuugusa mpira. Halafu kuna eneo la mita 2.13 kila upande wa wavu, ambalo wachezaji huliita jiko. Mchezaji haruhusiwi kuupiga mpira ungali hewani akiwa amelikanyaga jiko au mstari wake, hata kama ni kasi yake mwenyewe iliyomsukuma ndani baada ya kupiga. Jitu refu lenye mabavu haliwezi kusimama wavuni likawafumua watu. Linalazimika kujifunza upole.

Hali kadhalika, zipo taratibu ambazo hazikuandikwa popote ila hufuatwa. Katika bustani nyingi za umma nchini Marekani mtu huwasili peke yake, bila mwenza wala miadi, akaweka kibao chake mwishoni mwa safu ya vibao vilivyopangwa kando ya uwanja. Mchezo mmoja humalizika kwa alama 11, kwa tofauti ya alama mbili, na aghalabu hauzidi robo saa. Wanne hutoka, vibao vinne vya mbele huchukuliwa, na hivyo daktari hujikuta upande mmoja na fundi wa mabomba ambaye hajui hata jina lake la pili. Foleni ya vibao haiulizi cheo.

Isitoshe, katika michezo hii ya burudani hakuna refa. Kila upande huamua wenyewe kama mpira umeangukia ndani au nje ya mistari yao, na kanuni inaagiza kwamba mpira wenye shaka uhesabiwe kuwa ndani, kwa manufaa ya mpinzani. Mtu anaweza kudanganya kila siku na asishtakiwe popote. Ninapoifikiria kanuni hiyo humkumbuka marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, ambaye alitangaza kandanda kwa Kiswahili na pia akawauliza Wakenya kwa miongo mingi redioni: Je, huu ni ungwana? Swali hilo ndilo linaloulizwa kila mpira unapodunda karibu na mstari.

Je, taratibu za namna hii ni ngeni kwetu? La hasha. Tuna bao. Bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, limechezwa Lamu, Mombasa na Zanzibar mbele ya watu waliokaa barazani, wengine wakisubiri zamu na wengine wakitoa ushauri ambao hawakuombwa. Mshinde huinuka, mwingine akakaa. Zaidi ya hayo, bao lina lugha yake kamili: kete, nyumba, kichwa, kimbi, namua, mtaji, takata. Anayejifunza kucheza hujifunza kusema, naye hajifunzi maneno hayo kwa kamusi bali kwa kukaa karibu na wanaoyatumia. Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Mchezo huwa wa watu pale watu wanapoweza kuuzungumza, kuubishania na kuutania kwa lugha ya nyumbani.

Kandanda ni ushahidi wa pili. Ulikuja na wakoloni, na hapana anayeukumbuka leo kuwa wa kigeni, kwa sababu watu waliunyang'anya maneno. Mengine waliyakunja yakaenea kinywani: kona, penalti, refa, kipa. Mengine waliyatoa ghalani mwao wenyewe: chenga, mlinda lango, kabumbu, gozi. Gofu haikupata bahati hiyo. Imechezwa nchini tangu enzi za ukoloni, na bado mkulima anayeishi kando ya ukuta wa uwanja wake hana kitenzi kimoja cha kueleza kinachofanyika ndani. Sisemi kwamba ukuta ulijengwa na lugha. Ulijengwa na fedha. Lakini lugha iliusaidia kusimama.

Pikoboli, kwa jinsi ninavyoiona Nairobi, inasimama kwenye njia panda hiyo. Inachezwa zaidi katika klabu na viwanja vya kukodisha kwa saa, na mazungumzo yake yote ni Kiingereza. Nami nasema maneno tunayo. Kibao tayari kipo. Jiko limetafsirika lenyewe, tena kwa faida, maana katika desturi zetu nyingi jikoni si mahali pa kujiingilia ovyo. Na ile mbinu maarufu kuliko zote, ya kuugusa mpira kwa upole ili uvuke wavu na kuangukia jikoni mwa mpinzani, tuiite nini? Nilipendekeza kudokoa mbele ya wenzangu tunaocheza nao Jumamosi katika uwanja wa vinyoya tuliouongezea mistari kwa chaki, na tangu siku hiyo neno halijatoka. Mdokozi, kama ajuavyo kila aliyelelewa na mama mkali, ni yule anayenyofoa minofu sufuriani kabla chakula hakijapakuliwa. Majuzi mama mmoja wa makamo, jirani yetu, alimpigia kijana kelele, "Ewe mdokozi, toka jikoni mwangu!" Uwanja mzima ukacheka, hata wapitanjia ambao hawakuwa wameelewa mchezo wakauelewa papo hapo.

Hata hesabu ya alama huingia vizuri. Katika mchezo wa watu wanne hutajwa tarakimu tatu: alama za anayeanzisha, alama za wapinzani, na kama yeye ni mwanzishaji wa kwanza au wa pili wa upande wake. Mchezo hufunguliwa kwa "sufuri, sufuri, mbili", kwa kuwa upande unaotangulia hupewa mwanzishaji mmoja tu ili usijipatie faida mno.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya mabwanyenye, na kwamba ni heri tuhuishe michezo yetu kuliko kushabikia ya Wamarekani. Naiheshimu hoja ya pili, ila bao na pikoboli havigombanii kiti kimoja. Mtu aliyetoka jasho asubuhi anaweza kukaa barazani jioni. Kuhusu ubwanyenye, mlalamishi akumbuke kwamba vibao vya mpira wa meza ndivyo vilivyotumika mwanzoni. Ghali si vifaa. Ghali ni ardhi.

Na hapa lazima tuache mzaha. Januari 2015 wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walirushiwa gesi ya kutoa machozi walipokuwa wakidai uwanja wao wa michezo uliokuwa umezungushiwa ukuta. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti bustani, fuo na sehemu za burudani pamoja na vifaa vya michezo. Hata hivyo, mtaa unaoweza kutaja mahali pake pa wazi pa watu wazima kucheza ni adimu. Uwanja wa pikoboli unaenea katika nafasi ambayo magari machache huegeshwa. Viwanja vinne huingia katika eneo lote la uwanja mmoja wa tenisi pamoja na kando zake. Mwakilishi wa wadi akiambiwa hivyo hawezi kusingizia ekari. Ila ataambiwa na nani? Wenye klabu hawana haja ya kumwambia, kwani wao wanacho.

Sitaficha kwamba mpira huu una kelele. Mlio wa plastiki juu ya kibao umewafikisha majirani mahakamani kwingi Marekani, na wachezaji wa tenisi wamenuna kwa kupokwa viwanja. Tusiuweke chini ya dirisha la mgonjwa, basi.

Ninachokiomba chama chetu ni kidogo. Kabla ya muhula kwisha, tuchukue Jumamosi moja, tuchore mistari katika uwanja wa vinyoya wa chuo, tuwaalike wafanyakazi wa jikoni na wa usafi pamoja na wahadhiri, vibao vipangwe kwenye foleni, na mtu mmoja akae kando na daftari aandike kila neno litakalotumiwa na wachezaji bila kulisahihisha. Mathalani, bado sijapata neno linaloniridhisha la kuupiga mpira kabla haujadunda. Wengine wetu husema kudaka kwa kibao, wengine kukata hewani, na fundi mmoja wa viatu anayecheza nasi husema kuuwahi. Mimi naelekea kwa fundi wa viatu, lakini kura haijapigwa.