Wamara Naye Achorwe Kikombeni

Miaka 530 hivi kabla ya Kristo, Exekias, fundi wa Athens, alichora ndani ya kikombe cha divai mungu Dionysus akiwa mashuani, mzabibu umepanda mlingoti, pomboo wakiogelea pembeni. Divai ilipopungua, mnywaji alimwona mungu. Kikombe hicho kimehifadhiwa Munich, Ujerumani.

Wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, nazo hazikukosa visa vya kuchorwa hivyo. Simulizi za huko zina mfalme Wamara na Wachwezi wake, zina Mugasha, bwana wa ziwa. Ila ufundi mkubwa ulikwenda kwenye madini, si kwenye kibuyu cha lubisi, pombe ya ndizi. Mwaka 1876 msafiri Stanley alioneshwa nyumba ya hazina ya Mukama (mfalme) Rumanyika wa Karagwe: bata wa shaba, ng'ombe wa shaba wasio na vichwa. Ajabu ya kupendeza, ingawa Stanley mwenyewe hakuisifia sana.

Sasa Wamara naye achorwe kikombeni. Wapo watakaosema kumchora ni upagani. Mbona Dionysus naye ni mungu, na watu wanalipa kiingilio kwenda kumtazama?

Halmashauri za Karagwe na Kyerwa ziwape wafinyanzi na wachoraji wao kazi hiyo sasa, wazee wenye visa wangalipo.